Caprese isiyochuruzika maji: nyanya za kuoka na mafuta ya rehani

Caprese ni saladi ya kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia, na vitu vyake vinahesabika: nyanya, mozzarella (jibini jeupe laini la Kiitalia), rehani, mafuta ya zeituni na chumvi. Kwa uchache huo, kosa halina pa kujificha, na kosa kubwa ni maji. Kachumbari ikitoa maji hakuna anayelalamika, yanaishia kwenye pilau. Caprese ikitoa maji, mafuta yanaelea, jibini linapoteza ladha na rehani inanyauka kabla sahani haijafika mezani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nyanya naioka, na rehani naigeuza mafuta ya kijani.

Kwa watu wanne natumia nyanya ndogo gramu 500, nyanya moja kubwa iliyoiva vizuri, mozzarella mbili za gramu 125, majani ya rehani gramu 30, mafuta ya alizeti mililita 100 na mafuta ya zeituni vijiko viwili vya chakula.

Nyanya ndogo nazipasua kwa urefu, nazipanga kwenye trei upande uliokatwa ukiangalia juu, nanyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi na sukari kidogo tu. Oveni nyuzi 120, saa mbili. Zimeiva pale kingo zinapokunjamana huku katikati pakibaki laini. Ukibonyeza, kinachotoka ni rojo zito. Kwa nyuzi 200 zinawahi, lakini kingo huungua na kuwa chungu wakati ndani bado maji yamejaa.

Mafuta ya rehani ndiyo yanayowashinda wengi. Majani yakisagwa mabichi hugeuka rangi ya matope, kwa sababu vimeng'enya vya jani lililopondwa hukutana na hewa. Maji ya moto huvizima: natumbukiza majani kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 15, nayahamishia haraka kwenye maji ya barafu, kisha nayakamua kwa kitambaa hadi yasidondoshe hata tone. Nayasaga na mafuta ya alizeti kwa dakika mbili, nayamimina kwenye kitambaa cha pamba na kuyaacha yajichuje yenyewe. Ukikamua hapa, maji na machicha hupenya na mafuta hupata ukungu. Mafuta ya zeituni hayaingii kwenye blenda. Visu vikiyapiga kwa kasi huweza kuwa machungu.

Mozzarella inatoka kwenye friji dakika 30 mapema, maana ikiwa baridi haina ladha yoyote. Naichana kwa mikono na kuilaza juu ya kitambaa safi ijichuje. Kisu huacha uso laini ambao mafuta huteleza juu yake. Jibini lililochanwa lina vijishimo vya kuyashika.

Nyanya kubwa, ambayo haijawahi kuonja friji, naikata slesi nene na kuitandaza chini. Juu yake jibini, halafu nyanya za kuoka, mafuta ya rehani yakidondoshwa katikati ya vipande, na mwisho mafuta ya zeituni. Chumvi ya nyanya mbichi inasubiri hadi wageni wameketi, kwa kuwa ndiyo inayovuta maji. Siki ya balsamiko, ile siki tamu ya zabibu ya Kiitalia, siweki: nyanya za kuoka zina utamu na uchachu wa kutosha, na ile rangi yake ya kahawia huchafua weupe wa jibini.

Mafuta ya rehani yanayobaki nayafunika, yanakaa friji, na ndani ya siku nne yawe yamekwisha. Juu ya meza siyaachi. Mabaki ya majani ndani ya mafuta yasiyo na ubaridi ni maficho mazuri ya bakteria.