Pete ya kigae na yakuti: wiki ya tano

Jumatano. Yakuti ya kwanza imepasuka, na kosa ni langu. Nililehemu ukingo wa fedha jiwe likiwa ndani, nikaona limetoka salama motoni, nikafurahi, nikaitosa pete majini. Tak! Ufa toka upande hadi upande. Ami, sonara anayenifundisha, hakusema neno. Alinisogezea kikombe cha kahawa tu.

Moto wenyewe haukuwa na shida. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961 za selsiasi, yakuti hungoja hadi kama 2,050. Kinachoiua ni kupoa ghafla. Na boraksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, ikiigusa ingali moto huila ule mng'ao. Kwa hiyo sasa pete inapoa yenyewe juu ya tofali, na boraksi naipaka kwa kijiti penye kiungo tu.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: masonara wa hapa Lamu huvisha fedha vigae vya kaure kuukuu wakatengeneza pete na vipuli. Mimi nataka kukipa kigae jirani, yakuti nyekundu ya maabara, iliyochongwa kufuata mvunjiko wa kigae chenyewe, pindo kwa pindo.

Jiwe la machimboni, tuseme la Mangari kule Taita Taveta, nisingethubutu kulifanyia hivi. Nusu nzima ingeishia kuwa vumbi. Hili la maabara ni rahisi, nakosea na kurudia. Limetengenezwa kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902: unga wa alumina wenye kromiamu kidogo (ndiyo iletayo wekundu) hudondoka katika mwali wa oksijeni na hidrojeni, ukaganda tone juu ya tone mpaka ukawa kama karoti ya kioo. Karoti hiyo hupasuliwa kwa urefu. Nilinunua nusu moja, na ganda lake la nje, lenye ukungu, nimeliacha bila kung'arisha. Ndilo nilipendalo kuliko sehemu zote.

Kuchonga ni adhabu. Tupa haifui dafu, ni unga wa almasi peke yake. Jioni tatu kwa ukingo mmoja!

Ijumaa baada ya sala nilimpelekea Ami jiwe la pili. "Shikamuu, Ami. Litazame kwa lenzi." Akaona mistari iliyopinda na viputo vidogo.

"Kama santuri," akasema. Ndiyo alama ya jiwe la maabara. Katika yakuti ya ardhini mistari hunyooka. Kisha: "Na mnunuzi utamwambiaje, mwanangu?"

"Kwamba imekuzwa maabara."

"Mwambie kabla hajauliza bei."

Jumapili. Ukingo umelehemiwa, jiwe zima. Kigae nitakitia mwisho, bila moto, maana rangi yake haiaminiki. Chini kumebaki mwanya wa unywele kati yake na yakuti. Ami anasema niujaze fedha. Mimi nataka kuchonga tena.