Radi kwenye mawingu

Asubuhi mwanangu alikuwa anapiga kiwi viatu vya shule, nyumba nzima ikanuka Mwenge, ya Dar es Salaam. Si Mwenge ya stendi. Ile ya wachongaji.

Kinyago nilichochonga huko kilikuwa cha mtindo wa mawingu, kama futi mbili. Si shetani wa masikio na meno, wa mtindo alioanzisha mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Mawingu ni mwili uliogeuka moshi: bega linapinda linakuwa wingu, tumbo ni tundu linaloonyesha upande wa pili. Tundu nililitoboa kutoka pande zote mbili, maana ukitoboa upande mmoja tu, patasi ikitokeza huku inang'oa kipande. Hapo sikukosea.

Kosa lilikuwa jua. Mpingo mbichi hukauka kwanza kwenye ncha, kwa kuwa maji hufuata nyuzi za mti. Ncha zikisinyaa huku ndani bado kubichi, lazima upasuke. Ndiyo maana ncha hupakwa nta, na usiku kazi hufunikwa gunia bichi. Mimi mteja ananisubiri, nikakianika.

Sauti yenyewe ilikuwa "ti", kama ukucha umegusa glasi. Nilipogeuka, ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umeanzia utosini, umeshuka shavuni, umekomea kwenye ukingo wa tundu. Ndani yake mti ulikuwa wa zambarau, haujawahi kuwa mweusi.

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi hakugomba. Alikinga vumbi la msasa kwenye karatasi, la gogo lilelile, kwani la jingine lingesaliti rangi. Akalishindilia ufani kwa ncha ya kisu, akadondoshea supaglu, akangoja. Msasa mkavu, msasa laini, kisha kiwi nyeusi, mara tatu, kwa brashi ya viatu.

Mteja akauona ufa vilevile. Akaupitishia kidole, akauliza huu mstari ni nini. Mzee akanitazama, nijibu mimi.

"Radi," nikasema.

Akafurahi, hata bei hakuomba apunguziwe. Akakifungasha kwenda Ulaya, kwenye nyumba zinazopashwa moto miezi ya baridi hadi hewa inakauka. Gundi hujaza ufa. Haizuii mti kusinyaa. Ile radi lazima ilizidi kukua.

"Baba, hapa pamechanika," mwanangu akaniletea kiatu.

Nikamwambia aongeze kiwi.