Nilivyopata 94 kwenye insha ya tangazo la sekunde 60

Kama uko mwaka wa kwanza chuoni huku Marekani na umepewa ile insha ya kuchambua tangazo, usikubali mtu akuambie kwamba ni kazi nyepesi, kwamba utafute ethosi (kuaminika kwa msemaji), pathosi (hisia) na logosi (mantiki), kila moja uipe aya yake, basi umemaliza. Mimi niliambiwa hivyo na watu watatu, mmoja wao shemeji yangu aliyesoma chuo hikihiki, na ushauri huo ulinipotezea wiki mbili na kuniletea alama 58. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Tangazo lilelile, darasa lilelile, baadaye nilipata 94, na sikuongezewa hata alama moja ya huruma.

Niko Columbus, Ohio. Nasomea uuguzi, lakini darasa la uandishi hulikwepi hata ukisomea nini. Profesa alitutaka kila mmoja achague ujumbe mmoja wa kushawishi, uwe tangazo, bango au hotuba, aeleze kwa kurasa 5 ujumbe huo unamfanyia nini mtu aliyelengwa. Wenzangu wengi walikimbilia matangazo ya magari. Mimi nilichukua tangazo la kampeni ya Rais Lyndon Johnson la mwaka 1964, lile linaloitwa "Daisy", kwa sababu lina dakika moja tu na maneno yake ni ya kuhesabu. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa bado kizito.

Tangazo lenyewe liko hivi. Mtoto wa kike amesimama kwenye majani, ana ua mkononi, anachomoa petali mojamoja huku akihesabu. Akifika tisa, sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kutoka kumi. Ikifika sifuri, bomu la nyuklia linalipuka. Inasikika sauti ya Johnson akisema kwamba ama tupendane ama tufe, kisha maandishi meupe kwenye giza yanakuambia umpigie kura tarehe 3 Novemba. Limekwisha.

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa siku moja, nikaridhika nayo kabisa. Pathosi: mtoto anatia huruma. Ethosi: msemaji ni rais. Logosi: bomu linaua, basi chagua amani. Ilirudi imejaa wino. Juu kabisa Profesa aliandika kwamba nimemwambia kilichomo ndani ya tangazo, ila hajaona popote kinavyofanya kazi. Kwenye neno "huruma" akauliza: huruma kwa nani? Na pale nilipoandika kwamba tangazo linamshambulia Barry Goldwater, mpinzani wa Johnson, alizungushia duara, akaandika neno moja tu: "Wapi?"

Nikampigia shemeji. "Ah, huyo ana lake," akaniambia. "Mimi nilipita hivyohivyo." Sikumwomba ushauri tena.

Kilichonifungua macho kilianza kwa bahati. Nilirudi kutoka ghalani ninakofanya kazi saa nane za usiku, dada ninayekaa naye amelala, na spika za masikioni nilikuwa nimezisahau kazini. Nikalitazama tangazo bila sauti, mara ya kwanza, ya pili, nadhani nilifika kumi. Ndipo nikaona kitu ambacho sauti ilikuwa inanificha. Mtoto halii. Hakimbii. Hakuna anayemgusa. Anainua tu uso kama aliyeitwa na mtu, picha inaganda, kamera inamsogelea bila kusimama, shavu, jicho, mpaka kile cheusi cha katikati ya jicho kinajaza kioo kizima. Mlipuko unatokea ndani ya weusi ule. Hakuna aliyeumia kwenye picha ile hata mmoja! Anayetetemeka ni wewe uliyekaa kwenye kochi.

Kesho yake nikageuza. Simu nikailaza kifudifudi mezani, nikasikiliza tu. Ndege wanalia, mtoto anahesabu, na anakosea: kutoka tano anaruka saba, anarudi sita, anaisema sita tena, ndipo nane. Kabla sijajijua nikasikia mdomo wangu unasema, "Sita, mama, sita." Nilikuwa namsahihisha kama mtoto wa nyumbani. Hapo nikaelewa kwa nini walioliandaa hawakulirekebisha kosa lile. Ukishamsahihisha mtoto, ameshakuwa wako, na ile sauti ya mwanamume inamjia mtoto wako.

Kwa hiyo, tafadhali, fanya hivi kabla hujaandika sentensi moja: picha bila sauti, sauti bila picha. Halafu chukua daftari la kawaida, chora safu tatu. Ya kwanza andika sekunde, ya pili kinachoonekana au kusikika, ya tatu kile ambacho mtazamaji anakiongeza mwenyewe kutoka kichwani mwake. Hiyo ya tatu ndiyo insha. Zile mbili ni maandalizi tu. Mimi safu ya tatu ilibaki nusu tupu kwa siku kadhaa, kwa sababu sikuwa Mmarekani wa mwaka 1964 na sikujua alikuwa amebeba nini kichwani.

Aliyeijaza ni bibi jirani yetu wa ghorofa ya chini. Nilimbebea mifuko siku moja, nikamuuliza kama anakumbuka mambo ya bomu. Bibi yule alisimama palepale mlangoni, akainama na kuweka mikono nyuma ya shingo kunionesha walivyofundishwa shuleni kujikunyata chini ya madawati. Akaniambia baba yake alivyojaza vyakula vya makopo kwenye chumba cha chini ya nyumba wakati wa kisa cha makombora ya Cuba, Oktoba 1962, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilipokaribia vita vya nyuklia. Tangazo lilirushwa tarehe 7 Septemba 1964, hata miaka miwili haijatimia. Na ile sauti ya kuhesabu kurudi nyuma watu walikuwa wakiisikia kwenye televisheni kila roketi inaporushwa. Maana yake tangazo halikuleta hofu yoyote mpya. Liliigusa iliyokuwemo. Baadaye nikasoma kwamba Tony Schwartz, fundi wa sauti aliyefanya kazi hiyo na kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York, alikuwa na msimamo huohuo: tangazo zuri hutoa kilichomo ndani ya msikilizaji, halimwingizii kitu.

Likabaki lile "Wapi?" la Profesa. Nilitafuta jina la Goldwater ndani ya tangazo, halipo. Picha yake haipo, chama chake hakitajwi. Lakini kila mtu alijua ni yeye: mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa maseneta 19 waliopiga kura kupinga mkataba wa kusimamisha majaribio ya nyuklia angani, na alikuwa ameshazungumzia kuwaachia makamanda wa kijeshi mamlaka ya kutumia silaha ndogo za nyuklia. Sasa nieleze vipi shambulio lisilo na jina?

Jumamosi nikampigia mama, Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imepoa?"

Nikamsimulia yote, mtoto, ua, bomu, mtu anayesemwa bila kutajwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa hapo kigumu nini? Si kanga hiyo."

Nilinyamaza. Mama alikuwa anasema kweli tupu, na mimi nimekulia ndani yake. Nilipokuwa darasa la tano, mama alikuwa na ugomvi na mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimsema kila kisimani. Mama hakujibu. Alinunua doti ya kanga yenye jina *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*, akajifunga moja, nyingine akajitanda, akapita mbele ya baraza la yule mama akienda sokoni. Akarudi, akapita tena, polepole, ili jina lisomeke vizuri. Jioni yule mama alikwenda kushtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe akamuuliza: "Hiyo kanga imekutaja?" Hakuwa na jibu. Na mtaa mzima, hata wale waliokuwa hawajui habari, ukajua kanga ile ilikuwa ya nani.

Aristotle aliipa jina hoja ya namna hii, enthimema, yaani hoja ambayo kipande kimoja kimeachwa makusudi ili msikilizaji akijaze mwenyewe. Vitabu vya darasani vinaieleza kwa mistari miwili mikavu. Sisi wa pwani tunaivaa, tunaiimba kwenye mipasho ya taarabu, na tunajua kitu ambacho vitabu vile havikisemi vizuri: kipande unachokijaza mwenyewe huwezi kukipinga, kwa sababu ni chako.

Hiyo ndiyo ikawa hoja kuu yangu. Kijana wa kituo cha uandishi chuoni, ambako wanakusaidia bure, alinirekebishia vitenzi vizuri sana na namshukuru, ila alinishauri niitoe kanga yote kwa sababu msomaji Mmarekani hataielewa. Nilikataa. Nikampelekea Profesa aya ile peke yake, nikamuuliza ana kwa ana. Akaisoma mara mbili, akasema niibakize, ila nieleze kanga ni nini. Nikaeleza pindo, mji na jina kwa sentensi tatu. Usimwachie mtu mwingine auamue mfano wako kabla hujamuuliza anayesahihisha.

Gharama haikuwa kubwa. Kitabu cha darasa nilinunua kilichotumika, dola 40 na kitu, nikatumia sura mbili tu. Kuchapisha rasimu maktaba ya umma, labda dola 5 jumla. Chapisha, usisahihishe kwenye kioo, makosa yanajificha.

Na kuna shimo moja nilikaribia kutumbukia: kuandika kwamba tangazo lilimpa Johnson ushindi. Alipata asilimia 61 ya kura na majimbo 44, lakini alikuwa anaongoza kwa mbali hata kabla. Tena lilirushwa mara moja tu kama tangazo la kulipiwa. Eleza linavyomfanyia kazi mtazamaji, yaliyotokea kwenye sanduku la kura yana sababu nyingi. Mimi niliongeza aya moja niliyoiandika kwa uchungu, kwamba Machi 1965 Johnson huyohuyo alipeleka wanajeshi wa miguu Vietnam. Waliompigia kura kwa kumwogopea mtoto wa ua wakapata vita. Profesa aliandika pembeni kwamba aya hiyo imemkalisha kimya.

Siku matokeo yalipotoka nilimpigia mama tena. Alifurahi, akapiga kigelegele kidogo, kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni.

"Na yule mwanamume aliyesemwa, aliposikia, alifanyaje?"

"Chama chake kililalamika, mama. Vituo vingine vya televisheni vikalionesha tena bure, kwenye taarifa ya habari."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Kama mama wa nyumba ya pili," akasema, halafu akaniuliza nimekula nini.