Breki za nyuma za Land Rover 109: siku tatu natafuta upepo, kumbe ni uzi

Jumatatu ya wiki iliyopita saa 12 jioni pedeli ya breki imesimama. Yani imesimama juu, ngumu, nimekaa kwenye siti ya Land Rover yangu ya 109 uani kwangu hapa Uyole, Mbeya, nimeikanyaga nahesabu mpaka 60 na haijashuka hata chembe, nikamwita mama watoto aje nae aikanyage nisije nikawa najidanganya mwenyewe. Akaniuliza "kwani mwanzo ilikuwaje?" Mtu siku tatu nanuka fluidi ya breki mpaka kwenye shuka halafu naulizwa ilikuwaje. Haya, naandika huku kichwa bado kina moto, maana najijua, mwakani ntaanza upya kama sijawahi kufungua dramu.

Gari ni Series III bodi ndefu ya 1974, petroli, niliitoa kwa mkulima wa viazi Isyonje. Breki za nyuma alikuwa ameshazisahau, anashuka na gia na za mbele basi. Na mimi wakati nainunua niliingia mkenge kirahisi, nikaipandisha kwenye kilima nikavuta hendibreki ikashika vizuri nikasema aah nyuma kuko safi. Hendibreki ya hizi Land Rover haigusi magurudumu kabisa jamani, ina dramu yake peke yake nyuma ya transfa kesi (lile boksi la gia la pili), inakamata propela shafti, ule mti unaopeleka mzunguko ekseli ya nyuma. Magurudumu yanaweza kuwa hayana breki hata moja na hendibreki ikashika vilevile.

Kuchagua spea. Duka la kwanza Mwanjelwa nimeomba breki shuu za nyuma za 109, vile vyuma vya upinde vinavyosugua dramu kwa ndani, kijana kaleta boksi, nikatoa ya zamani kwenye mfuko nikailaza pembeni, mpya fupi. Za inchi 10, hizo za 88, ile bodi fupi. Ananiambia "kaka, Land Rover ni Land Rover". Hapana dogo. 109 dramu yake inchi 11, na hata adjasta haziendani, yaani yule konokono wa kusogeza shuu karibu na dramu, ile ya inchi 10 ina konokono mmoja kila gurudumu, ya 11 ina wawili, kila shuu na konokono wake. Duka la pili wameleta inchi 11 kweli lakini pana, inchi 3, hizo zinakaa mbele kwenye ile ya silinda 6, za kwangu ni inchi 2 na robo. La tatu ndo nikapata. Nenda na ya zamani mkononi na rula, ukienda na jina la gari tu utarudi na boksi zuri la kuwekea misumari.

Za gundi au za ribiti? Mafundi wengi huku wanataka za ribiti kwa sababu zikiisha unang'oa unagonga laini mpya (ile nyama ya kusugua dramu) kwenye chuma kilekile, na hesabu yao naielewa. Ila zikiachwa mpaka vichwa vya ribiti vinagusa dramu zinailima kama trekta, na dramu yangu ya kushoto ilikufa hivyohivyo. Nimechukua za gundi. Vumbi la zile za zamani sikulipuliza na kompresa, nililoanisha na maji kwanza, shuu za miaka ile zina asbesto na mapafu hayauzwi dukani.

Dramu nilipima na venia, kile kipimo cha taya: kulia milimita 279.7, kushoto 280.6. Ikiwa mpya ni 279.4, na kitabu kinaruhusu kukereza mpaka inchi 0.030 juu ya hapo, piga hesabu unapata kama 280.16. Kwa hiyo ya kushoto ilishapita hata kabla ya kuikereza. Nimepata yuzdi ya orijino kwenye mabaki, nzito, haina ufa, nikazipeleka zote mbili kwa mkerezaji zikatoka 279.9 na 279.9. Mpya ya bei rahisi ilikuwepo, ila nilipoigonga na spana ililia kama sufuria nikairudisha.

Sasa wili silinda, ile inayosukuma shuu kwa fluidi. Ya kulia nilipata kwa mzee mmoja mwenye stoo ya spea za zamani, boksi limeliwa na panya lakini silinda nzima kabisa. Ya kushoto hana, nikainunua kwingine, mpya, boksi linang'aa, limeandikwa Series III. Nikafunga zote, nikaajasti konokono mpaka shuu zinakamata nikarudisha kidogo gurudumu lizunguke, nikaanza kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya paipu za fluidi.

Hapo ndo nilipotea.

Siku ya kwanza pedeli inapanda vizuri halafu ukiikanyaga ukatulia inazama taratibu, inazama kama mtu anayesinzia kwenye basi. Nikasema upepo. Tumetoa upepo mara nne, mama watoto anapampu mi niko chini kwenye ubaridi, huu mwezi wa saba wa Uyole mnaujua, vidole havisikii spana. Chupa nzima ya fluidi imeisha. Inazama. Siku ya pili nikaacha ubishi nikaanza kufikiri: ingekuwa shuu ziko mbali na dramu ningepampu mara mbili ingepanda na kubaki juu, ingekuwa upepo ingekuwa laini kama sponji, hii sio laini, ni ngumu halafu inaondoka. Kinachoondoka ni fluidi. Kwa hiyo masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, inapitisha kwa ndani au kuna mahali panavuja. Nikafungua masta, nikabadilisha raba zote, nusu siku imekwenda. Inazama!

Nikabana ile hozi ya raba inayokwenda ekseli ya nyuma, niliibana na kibano cha seremala na vibao viwili, msithubutu kuibana na vaisi gripi kavukavu mtaikata kwa ndani. Pedeli ikawa ngumu hapohapo na ikakaa. Ala. Kwa hiyo ni nyuma. Na sahani ya kushoto, ile inayobeba shuu na silinda, ilikuwa na unyevu tangu siku ya kwanza, nikawa nafuta na kitambaa najiambia ni ile niliyomwaga wakati natoa upepo. Siku tatu nafuta jibu na kitambaa.

Nikaikaza nati ya paipu inayoingia kwenye silinda ya kushoto. Ikazunguka, ikakaza, ikazunguka tena. Nati haikazi mara mbili.

Jirani yangu, fundi mzee wa malori, alikuwa amekuja kuazima jeki. Nikafungua nati, akaishika na vidole akaiweka kwenye tundu la silinda mpya akaitikisa, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hakusema kitu, akaenda kwake akarudi na kipande cha paipu ya breki ya Hilux, nati yake akaiingiza kwa vidole viwili, ikaenda laini mpaka mwisho. Akaniambia "wewe unafukuza upepo, hapa una uzi". Akachukua jeki akaondoka.

Ndo hivyo. Gari yangu ya 1974 ina nati za inchi, 3/8 UNF (uzi mwembamba wa inchi), unene wake milimita 9.525 na nyuzi 24 kwa inchi. Silinda mpya ni M10, uzi wa milimita 10, hatua (uzi mmoja mpaka unaofuata) milimita 1. Hizi Series III za mwisho mwisho, kuanzia kama 1980 hivi, paipu za breki zilihamia milimita, kwa hiyo boksi halikudanganya, kweli ni ya Series III, ila sio ya kwangu. Uzi wa inchi 24 hatua yake ni kama 1.06, ukiuweka kwenye tundu la 1.0 lililo kubwa kwa nusu milimita unaingia, unaingia vizuri tu mwanaharamu, mdomo wa paipu unafika mwisho unasikia imekaza, kumbe umeshika kwa ncha za nyuzi. Ingekuwa kinyume ningegundua siku ileile, maana nati ya M10 haiingii kabisa kwenye tundu la 3/8. Na nati yangu ilivyolika, spana namba 11 inaikamata, nikaona mambo yote ni milimita.

Nikawa na njia tatu: nitafute silinda ya inchi, nifufue ile ya zamani kwa raba mpya, au nibadilishe kipande cha paipu kinachoingia pale. Ya zamani ilikuwa na mashimo ya kutu ndani, msasa hauyatoi, ukiweka raba mpya zinaliwa wiki moja. Ya inchi Mbeya nzima sikuiona. Nikaenda Mwanjelwa nikatengenezewa kipande kipya cha kopa-nikeli, mwisho wa kwenye tii (pale paipu inapogawanyika) nati ya 3/8, mwisho wa silinda nati ya M10. Mdomo wa paipu tuliufanya uendane na kiti kilichopo ndani ya silinda, tusiige tu wa Hilux, kufanana nyuzi sio kufanana midomo. Ile nati ya M10 nimeipaka rangi ya njano ili atakayeinunua hii gari baada yangu asinilaani, au anilaani kidogo.

Kwenye vifaa: nunueni ile spana ya pete iliyokatwa mdomo, ya paipu. Ya kawaida inakula kona za nati ndo unafika hapa nilipofika mimi. Na venia ya chuma ya kusoma kwa macho, ile ya betri asubuhi ya baridi inaonyesha sifuri popote unapoiweka. Ningekuwa nimepima nati siku ya kwanza, nilikuwa na venia mfukoni muda wote, nilipima dramu kwa raha zangu nikaacha kitu kidogo kuliko vyote.

Wikiendi hii nilipanga kufungua za mbele. Sijafungua. Badala yake nimenunua bomba jipya la kupulizia viazi, jipya kabisa halijaonja dawa, nataka kutoa upepo peke yangu bila kuita mtu. Nimetoboa mfuniko wa akiba wa kopo la fluidi nikaweka kipaipu na sili, bomba linasukuma hewa tu juu ya fluidi, geji nimeweka isizidi psi 15. Jaribio la kwanza mfuniko uliruka na fluidi ikalamba rangi ya mudigadi mpaka bati. Jaribio la pili, baada ya kuufunga na waya, nilitoa upepo magurudumu manne kwa dakika 20 nikiwa na chai mkononi.

Jana Jumapili nimeipeleka Chimala nikapanda Matamba nikageuza, nikashuka zile kona 57 na magunia manne ya viazi nyuma, gia ya pili, breki nagusa tu. Chini kabisa nikashuka nikasogeza kiganja karibu na kila dramu, maji sikumwaga, dramu ya moto ukiimwagia maji inaweza kupasuka. Ya kulia joto la kawaida. Ya kushoto imezidi kidogo, nadhani konokono wa shuu ya mbele nimemkaza mno, kesho namrudisha nyuma kidogo nione.