Nilivyoupata mjadala wa jeshi kwenye Hansadi

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikwama. Nilitaka kuonyesha jinsi wabunge wa Uingereza walivyolikagua jeshi lao na fedha zake kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hansadi zao, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, za tangu 1803 zipo mtandaoni bure, nikajiambia hii kazi ya siku mbili tu. Wiki nzima nikawa natafuta kwa neno "jeshi". Nilichovuna ni maswali ya buti, posho na kambi chafu. Mjadala wenyewe hamna.

Kosa langu lilikuwa kudhani mjadala wa jeshi ulipangwa kwa sababu kuna mtu aliyetaka kulijadili jeshi. Kumbe aliyepanga ni kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali uliishia 31 Machi, na tangu Sheria ya Haki ya 1689 jeshi la kudumu wakati wa amani haliruhusiwi bila ridhaa ya Bunge. Basi kila mwaka Waziri wa Vita alilazimika kuleta bungeni makadirio ya matumizi ya jeshi, fungu kwa fungu, na la kwanza lilikuwa Fungu A: idadi ya askari. Ukitaka kusema jeshi ni goigoi, unasemea hapo.

Nikaachana na kutafuta neno. Nikafungua mwezi wa Machi, siku baada ya siku, nikiwinda kichwa cha Kamati ya Matumizi, yaani Bunge likikaa kama kamati kupitisha makadirio hayo. Zikaanza kumwagika hotuba ndefu kweli kweli, nyingine za kuchosha (afisa mstaafu akipewa nafasi, jiandae).

Ila siku iliyonikosesha usingizi haikuwa ya Machi. Ni 21 Juni 1895. Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, alikuwa ametangaza siku hiyohiyo kwamba Duke wa Cambridge, Amiri Jeshi tangu 1856, anastaafu. Kwa waziri huyo lilikuwa jambo kubwa. Kisha St John Brodrick wa upinzani akasimama kulalamika kwamba kodaiti, ile baruti isiyo na moshi, haitoshi ghalani, akatoa hoja mshahara wa waziri upunguzwe pauni 100. Anayefuatilia Bunge letu ataielewa mara moja: alishika shilingi, yaani alizuia mshahara wa waziri ili kumbana. Tofauti ni kwamba yeye hakuirudisha. Hoja ikapita kwa kura 132 dhidi ya 125, na serikali ya Waziri Mkuu Rosebery ikajiuzulu. Niliisoma ile hesabu ya kura mara tatu, maana ukumbi ulikuwa nusu tupu.

Nikagonga ukuta tena kwenye miaka iliyofuata. Mafungu ya jeshi yalikuwa yanapita mfululizo, mamilioni ya pauni, bila hotuba hata moja. Nilidhani kurasa zimepotea wakati wa kuziskani. Jibu lilikuwa kwenye kanuni: mwaka 1896 Arthur Balfour, kiongozi wa serikali bungeni, aliziwekea ukomo siku za Kamati ya Matumizi, na zikiisha, kilichobaki kinapigiwa kura papo hapo, kimejadiliwa au hakikujadiliwa.

Nikaongeza safu kwenye jedwali langu, "yaliyopita kimya". Msimamizi wangu alipoliona akauliza kama hiyo safu ni kiambatisho au ndiyo sura yenyewe. Nikaiandika sura upya kuanzia hapo.