Saa tatu ni saa tatu

Ijumaa Kuu, jioni.

Marko anasema walimsulubisha Yesu saa tatu. Msomaji wa Kiswahili hapati shida hapo: saa tatu ni saa tatu, jua limeshapanda na chai imeshanyweka. Anayesoma kwa lugha za Ulaya ndiye anayelazimika kujumlisha sita kichwani, asije akadhani ilikuwa usiku. Mchana wa watu wale uligawanywa mafungu 12 tangu jua kuchomoza, karibu sawa na hesabu yetu. Tofauti ni kwamba fungu lao lilirefuka na kufupika kwa majira. Mwezi wa Aprili pale Yerusalemu lilizidi dakika 60 kidogo tu. Giza likaingia saa sita, saa tisa akakata roho. Zikabaki kama saa tatu kabla ya Sabato, ndiyo maana Yusufu wa Arimathaya alizika mbiombio.

Mgogoro uko kwa Yohana. Kwake, yapata saa sita Pilato alikuwa bado anaamua kesi. Wapo wanaotatua kwa kusema Yohana alihesabu saa kuanzia usiku wa manane. Siwaafiki. Warumi waliianza tarehe usiku wa manane, lakini saa za mchana walizihesabu tangu asubuhi. Kwenye saa zao za jua, adhuhuri ni namba sita. Afadhali kukubali kwamba mashahidi wawili walikadiria jua tofauti, au Yohana alikuwa na lake la kusema juu ya wanakondoo wa Pasaka, waliochinjwa siku ileile baada ya adhuhuri.

Siku nayo. Kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa: magharibi ikiingia, siku imegeuka. Wayahudi ndivyo walivyohesabu. Kwa hiyo karamu ya mwisho, ambayo kalenda ya ukutani inaiweka Alhamisi, na kifo cha kesho yake mchana ni mambo ya siku moja. Tena siku ikiguswa hata kidogo ilihesabiwa nzima: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu. Kufufuka siku ya tatu hakuhitaji saa 72. Mtego mmoja tu unatungoja sisi: Injili inasema alifufuka siku ya kwanza ya juma, na sisi siku hiyo tunaiita Jumapili, ya pili. Majina yetu yanaanza kuhesabu baada ya Ijumaa, yao baada ya Sabato.

Sasa mwaka wa kifo chenyewe. Hapa ndipo mwezi unapoandama, na aliyewahi kukesha mkesha wa Idi anajua maana yake. Mwezi wa Nisani, ule wa Pasaka ya Wayahudi, ulianza kwa mashahidi kuuona mwezi mwandamo. Wingu likitanda, hesabu ilisogea siku moja. Pilato alikuwa liwali tangu mwaka 26 hadi 36 (jiwe lenye jina na cheo chake lilipatikana Kaisaria mwaka 1961). Ndani ya miaka hiyo tafuta Nisani 14 iliyoangukia Ijumaa, kama Yohana anavyotaka. Wanaastronomia wakipiga hesabu, tarehe mbili ndizo zinazokaa vizuri: 7 Aprili 30 na 3 Aprili 33. Marko, Mathayo na Luka wanaifanya karamu kuwa ya Pasaka yenyewe, yaani msalaba uwe Nisani 15, na hapo hesabu inachafuka tena.

Ukihesabu kutoka mwanzo, unavutwa kwenye 33. Luka anasema Yohana Mbatizaji alianza kuhubiri mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio. Augusto, aliyemtangulia, alikufa 19 Agosti mwaka 14, kwa hiyo ni 28 au 29. Ongeza Pasaka tatu zinazotajwa katika Injili ya Yohana, umeikaribia 33. Njia ya kuikwepa hesabu hiyo ni kuuanza utawala wa Tiberio tangu alipokuwa akitawala pamoja na Augusto, jambo ambalo sarafu na maandishi ya wakati ule hayaliungi mkono sana.

Kuzaliwa nako kuna kasoro yake. Hesabu ya miaka tunayoiandika kwenye kila risiti ilitungwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, akitengeneza majedwali ya Pasaka kule Roma. Hakutaka kuendelea kuhesabu kwa jina la Diokletiano, mtesaji wa Wakristo. Alikosea. Herode alikufa mwaka 4 KK, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode angali hai. Weka kuzaliwa 6 au 5 KK, na ukivuka kuja upande huu toa moja, kwa sababu mwaka sifuri haupo: 5 KK hadi 30 BK ni miaka 34, si 35. Waethiopia walifuata hesabu nyingine, wako nyuma yetu miaka 7 au 8, na milenia yao waliisherehekea Septemba 2007. Sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, anayoitaja Luka ilifanyika mwaka 6 BK, Herode akiwa kaburini miaka tisa. Hilo nimeona likinyooshwa kwa njia nyingi, na hakuna hata moja iliyonyooka.

Ukihesabu kutoka mwisho, mambo yanageuka. Delphi, Ugiriki, kuna vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, liwali wa Akaya. Barua inasema Kaisari ameshangiliwa kwa ushindi mara 26, na hiyo inaiweka mwaka 52. Kwa kuwa liwali wa namna yake kwa kawaida alikaa mwaka mmoja, Galio alikuwa Korintho 51 hadi 52. Paulo, aliyefikishwa mbele yake, alikaa mji huo mwaka mmoja na nusu, hivyo aliingia kama mwaka 50. Kabla ya hapo kulikuwa na mkutano wa Yerusalemu, 48 au 49. Kwa Wagalatia anaandika miaka mitatu, kisha kumi na minne, tangu alipoitwa hadi mkutano huo. Toa 17: unapata 31 au 32, na Yesu lazima awe ameshakufa. Ukihesabu vipande vya mwaka kuwa mwaka mzima unaweza kubana hadi 34, lakini kwa kusukumasukuma. Mimi naegemea 30.

Basi tangu Aprili ile hadi Paulo kufika Korintho ni miaka 20. Huko aliwakuta Akila na Prisila, mafundi wa mahema kama yeye, waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Klaudio. Roma yenyewe ilikuwa na waumini Paulo hajakanyaga. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike, inayodhaniwa na wengi kuwa andiko la Kikristo la zamani kuliko yote tuliyonayo, iliandikwa kutoka hapohapo Korintho, Injili ya Marko ikiwa bado haijaandikwa.

Kesi ya Paulo mbele ya Galio haikusikilizwa. Galio alisema hayo ni mabishano ya maneno na majina, akawafukuza washtaki mahakamani. Sosthene, mkuu wa sinagogi, akapigwa mbele ya kiti cha hukumu, liwali asijali. Jukwaa la mawe lililochimbuliwa sokoni Korintho bado lipo.