Kistari cha babu

Wiki nzima nimekuwa nikipigana na vistari.

Babu yangu kule Uru, Moshi, anapima mvua tangu nikiwa mdogo. Kipima mvua chake cha plastiki kimefungwa kwenye nguzo, mbali na migomba ili majani yasikikinge. Kila siku saa tatu asubuhi anakisoma, anaandika milimita kwenye daftari, kisha anamwaga maji. Kama haikunyesha anaandika 0. Kama hakusoma anaweka kistari. Miaka yote hiyo hajawahi kuvichanganya.

Aliyevichanganya ni mimi, msomi wa familia. Madaftari ya mwanzo niliyaingiza kwenye kompyuta nikiwa chuo, na kila kistari nikakiandika -99, kwa kuwa niliona faili za hali ya hewa zikifanya hivyo. Baadaye nikachoka, nikaanza kuweka 0. Jumatatu nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaiomba NumPy, maktaba yake ya hesabu, wastani wa Aprili moja. Jibu: -10.2 kwa siku. Yaani masika ya Uru, mvua inapanda mbinguni.

Nikapiga hesabu kwa mkono. Siku 24 zenye vipimo zina jumla ya milimita 288, siku 6 ni vistari. Ukizihesabu -99, unapata ule upuuzi. Ukiweka 0, unapata 9.6, namba yenye adabu zake, haimshtui mtu. Ukiziacha pembeni, wastani ni 12. Ile -10.2 angalau ilipiga kelele. Sijui ni Aprili ngapi nimezitoa na 9.6 zake nikaamini.

Basi nikaamua kutumia NaN, ile alama ya "siyo namba" iliyowekwa kwenye kanuni za hesabu za desimali za kompyuta mwaka 1985. Kwanza, arei (orodha ya namba ndani ya NumPy) ya namba kamili haiipokei kabisa, lazima uigeuze yote iwe ya desimali. Pili, NaN hailingani na kitu chochote, hata yenyewe. Jumanne yote nilikuwa naandika "kama ni sawa na NaN" na kompyuta inanijibu hapana, hapana, hapana. Unatakiwa kuuliza kwa isnan. Tatu, NaN moja inaambukiza: jumla ya mwezi mzima nayo inageuka NaN. Ndiyo maana kuna nanmean na nansum, za kupiga wastani na jumla bila kuambukizwa. Ila hiyo nansum uiogope kidogo, maana inaiona NaN kama 0. Nikaipa mwezi wenye vistari vitupu, ikaniambia mvua ilikuwa 0.

Jumatano nikahamia kwenye arei zenye barakoa. Hapa thamani inabaki mahali pake, ila juu yake kuna arei nyingine ya kweli na si kweli: penye "kweli" pamefunikwa. (Nilidhani ni kinyume, nikaficha mvua yote nikabaki na vistari.) Wastani unaruka palipofunikwa bila kuambiwa. Nimeipenda, lakini -99 bado imekaa chini ya barakoa inasubiri. Ukipitisha kitu chako kwenye np.array, ile amri ya kutengeneza arei ya kawaida, barakoa inavuliwa kimya kimya na mvua inaanza tena kupanda mbinguni.

Nilidhani nimemaliza. Jana nikapanda Uru na laptopu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na ile mashine ya mvua?"

Nikamwonyesha ile Aprili. Jumamosi kistari, Jumapili kistari, Jumatatu 61. Nikamuuliza Jumatatu ile ilinyesha vile kweli? Akanitazama kama mtoto.

"Nilikuwa msibani siku mbili. Maji yalinisubiri humo ndani. Hiyo ni ya siku tatu."

Kumbe maji ya vistari vile hayajapotea, yamo kwenye 61. Nikichukua wastani wa 12 nikazidisha kwa 30, nitakuwa nimeyahesabu mara mbili. Nikashuka hadi vistari vitatu vya mwisho wa mwezi, nikiwa na matumaini kwamba navyo ni msiba.

"Hapo kilijaa kikamwagika. Siku tatu mfululizo. Ningeandika nini?"

Sasa hayo ndiyo maji yaliyopotea, na yamepotea kwa sababu yalikuwa mengi. Nikiziruka siku hizo, naruka mvua kubwa kuliko zote za mwezi, halafu 12 yangu inakuwa ndogo. Kistari ni kilekile, kimoja kinavuta hesabu juu, kingine kinaivuta chini, na NaN zote zinafanana.

Kwa hiyo tumekaa barazani na daftari, naongeza safu ya tatu ya sababu: M kwa msiba, J kwa kujaa. Babu anakumbuka kwa mazishi ya nani na kwa mgomba gani ulianguka. Tumemaliza miaka miwili, kimebaki kistari kimoja tu cha hiyo Aprili, katikati ya wiki, peke yake.

"Na hiki, babu?"

Akakitazama sana, akavua miwani.

"Hapo nilikuwa nimelala tu."